Jina Nililomnyima Baba

Nafundisha baiolojia Lushoto mjini, na kila mwaka nikifika mada ya urithi naomba Mungu kengele igongwe mapema. Wanafunzi wanaipenda mada hiyo. Wanaulizana nani kachukua pua ya nani, wanacheka, halafu mmoja ananyoosha mkono: "Mwalimu, na hasira je?" Namjibu ya kwenye kitabu: vinasaba vina sehemu yake, malezi nayo yana sehemu yake. Kisha nageukia ubao haraka.

Baba yangu alikuwa mkulima wa Mgwashi. Hasira yake haikuwa ya kelele. Alikuwa anang'ata mdomo wa chini, ananyamaza, kisha anaharibu kitu, na mara zote kilikuwa kitu chake mwenyewe. Nikiwa darasa la tano tulipeleka matenga mawili ya plamsi sokoni Soni. Mnunuzi mmoja akatania kwamba zinafaa kulishia nguruwe. Baba akang'ata mdomo, akayamwaga matenga yote mawili barabarani, akazikanyaga plamsi hadi viatu vikalowa. Tulirudi nyumbani bila chumvi, bila sabuni, bila kusemeshana. Nilimchukia njia nzima.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake mzaa baba. Hilo halijadiliwi. Mwanangu alipozaliwa, baba alikuja na kuku wawili, amevaa koti lake la kanisani, akakaa sebuleni kusubiri kulisikia jina lake. Mtoto alikuwa amelala chumbani. Nikataja jina jingine. Mimi mwenye shahada nilijua fika kwamba tabia haipiti kwenye jina, lakini niliogopa tu.

"Umesema nani?" baba akauliza.

Nikarudia.

"Haya. Mungu amkuze."

Akamaliza chai yake, akaondoka bila hata kumwona mtoto. Hakung'ata mdomo. Afadhali angeng'ata. Hakukanyaga tena nyumbani kwangu, na mwaka uliofuata tukamzika.

Mwanangu sasa ana miaka tisa. Juzi alimaliza gari la waya alilolihangaikia wiki mbili, na dada yake akamcheka kwamba magurudumu yamepinda. Nilikuwa mlangoni. Nikamwona anang'ata mdomo wa chini, nikajua kinachofuata. Alilikanyaga gari lake hadi likawa bapa, kisha akasimama analitazama.

"Nani kamfundisha haya?" nikamuuliza mke wangu. "Babu yake hamjui hata kwa sura."

Mke wangu alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. "Mwalimu, mwezi uliopita mkuu wa shule alikucheka, ukaja hapa ukachana daftari lako zima la maandalio. Mtoto alikuwa anakula pale mezani, anakuangalia."

Sijui kama ni damu au ni macho yake, na sioni tena faida ya kujua, kwa sababu kote kote ni mimi. Nitamwambia nini, asiwe mwanangu?

Nilimvunja moyo mzee wangu nikidhani namkinga mtoto. Hasira imemfikia yote, haikupungua hata kidogo. Kilichobaki njiani ni jina tu, na katika vyote vya baba, hilo peke yake lisingemdhuru.