Senene za Mke Wangu kwenye Benchi la Drafti

Nikimaliza kusimulia mtaniona mjinga, na mtakuwa sawa. Nimeshazoea. Ila naomba ujinga wangu muuweke pembeni kwanza, kwa sababu mwanzoni mimi ndiye niliyekuwa nawacheka wenzangu, na kusema kweli walistahili.

Benchi letu lilikuwa Bilele, mbele ya kibanda cha fundi baiskeli. Ubao wa drafti ulichorwa kwa mkaa kwenye kipande cha mbao. Kete zilikuwa vizibo vya soda, huyu anavilaza chali, yule kifudifudi. Miaka ile ya foleni soda yenyewe ilikuwa ya kutafuta, kwa hiyo vizibo tulivitunza kuliko wengine tulivyotunza ndoa zetu.

Kanuni ya benchi ilikuwa moja: anayefungwa analisha benchi. Siyo hela. Chochote cha kutia mdomoni, karanga, ndizi mbivu, kahawa ya kutafuna. Mimi mwaka mzima nilikuwa nakula tu. Nilikula karanga za fundi baiskeli mpaka nikajua mke wake anazikaanga siku gani na siku gani anaziunguza.

Huyo fundi ndiye wa kwanza kwa aibu. Akiona kete zake zimebaki mbili, goti linamuwasha. Anajikuna, goti linapiga ubao, vizibo vinamwagika.

"Aa, samahani! Tuanze upya."

"Goti lako linajua drafti kuliko wewe," namwambia. "Kesho lete goti, wewe baki nyumbani."

Wa pili alikuwa katibu wa tawi. Huyu jukwaani alituhimiza twende shamba la kijiji bila kutegea, lakini kwenye ubao alikuwa anategea waziwazi. Akibanwa, anaangalia jua.

"Ndugu zangu, nina kikao."

"Kikao cha Jumapili mchana, ndugu katibu?"

"Cha dharura."

"Dharura ni hiyo kete yako ya pembeni, inakufa. Kaa uizike."

Na baada ya kuwafunga nilikuwa nawahubiria. Mimi niliyeishia darasa la saba, ndevu zenyewe zinahesabika, nasimama mbele ya watu wazima nawaambia: "Mwanaume akifungwa anatoa alichonacho, anatabasamu, anakwenda kwake. Haombi turudie, hanung'uniki." Wananikodolea macho. Fundi baiskeli ananiambia, "Siku yako ipo, waitu." Namjibu nikiwa na mdomo umejaa karanga zake.

Mwaka huo nilikuwa nimeoa. Mke wangu alitoka Muleba, msichana wa maneno machache na mikono isiyotulia. Senene, wale panzi wa msimu, walipoanguka, aliamka alfajiri na wanawake wa kwetu Kibeta, wakaenda rweya, kule kwenye uwanda wa majani. Alirudi kaloa mpaka kiunoni. Siku tatu alikaa anawanyonyoa mabawa na miguu, mmoja mmoja, akawakaanga, akawakausha, akawapanga kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko alichosuka mwenyewe.

Kwetu hilo siyo suala la kitoweo. Senene za kwanza za mke mpya ni neno lake kwako. Yeye mwenyewe hali, enzi zile mwanamke alikuwa haonji senene. Anakupa, unakula, na ukishakula unamvalisha gauni. Basi, hapo ndoa imekaa. Kitambaa nilikuwa nacho tayari, nilikipangia foleni duka la ushirika tangu asubuhi mpaka miguu ikafa ganzi. Kilikuwa cha maua mekundu, nimekificha chini ya godoro.

Jumapili tumetoka misa, akanipa kikapu kwa mikono miwili, amepiga magoti.

"Kaa ule," akasema.

"Nitakula, mama. Ngoja nifike Bilele mara moja."

"Na kikapu?"

"Naenda nacho."

Aliinuka, akapangusa magoti. Mimi shida yangu haikuwa njaa. Nilitaka wanione nakula. Nilitaka fundi baiskeli, aliyeoa miaka kumi na mbili iliyopita na hajawahi kuletewa kitu zaidi ya karanga zilizoungua, anitazame nikifungua ule mfuniko.

Nilipofika nikakuta mgeni kakaa benchi. Ni kaka wa mke wangu, shemeji yangu, anavua dagaa kisiwani Goziba. Alikuwa ameshuka na mtumbwi asubuhi, ana kiroba cha dagaa anampelekea dada yake, akapumzika pale kidogo. Mtu mpole, mikono imepasuka kwa nyavu.

"Shemeji, mnacheza nini hapa?"

"Drafti. Kisiwani mnaijua, au mnacheza na mawimbi tu?"

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, akapanga vizibo.

"Tunaijua kidogo. Ila kule kwetu kete hula hata kwa kurudi nyuma, hata kama haijawa kingi. Hapa vipi?"

Bilele kete ya kawaida ilikula kwenda mbele tu. Mtu mwenye akili angesema, shemeji, tufuate ya hapa. Mimi nikasema, "Kula nyuma, kula pembeni, ukitaka panda juu ya paa ule. Nitakufunga tu."

"Mmesikia?" fundi baiskeli akauliza benchi nzima. "Kakubali."

"Tumesikia," katibu akasema. Siku hiyo hakuwa na kikao.

"Na unaweka nini?" fundi akaniuliza, macho kwenye kikapu.

Nikakiweka kikapu katikati. Niliona kama naweka mapambo.

Tulicheza. Kwa muda mrefu nilikuwa mbele, na mdomo wangu ulikuwa mbele zaidi. Alivyokuwa anachelewa kusogeza kete, nilimuuliza kama dagaa wa Goziba nao huvuliwa kwa kusubiriwa walale. Alikuwa anaangalia ubao tu. Ikafika nina kete tano, yeye tatu. Nikaona njia: kete yangu moja nikaipitisha nyuma ya kete yake, imebakiza hatua moja iwe kingi. Kwa sheria niliyoizoea, ilikuwa salama kabisa. Nikainuka kabisa kwenye benchi.

"Ndugu katibu, mtafutie shemeji yangu kikao."

Shemeji akashika kete yake, akarudi nyuma. Akala ile. Akaruka tena, akala nyingine. Akaruka tena. Tatu. Akaviweka vizibo vyangu kwenye kiganja taratibu, kama mtu anayeokota mayai.

"Hairuhusiwi hiyo!"

"Nilikwambia, shemeji."

"Juu ya paa!" fundi baiskeli akapiga kelele. "Kapanda juu ya paa kala!"

Kete zangu mbili zilizobaki hazikufika mbali. Nilifungwa. Na hapo, naapa, goti langu liliwasha. Nilielewa goti la fundi baiskeli kwa mara ya kwanza maishani. Lakini benchi nzima ilikuwa inaliangalia.

Shemeji akainua mfuniko, akaona, akaufunga haraka.

"Hizi ni za dada yangu?"

"Ndiyo."

"Za kwanza?"

"Ndiyo."

"Chukua, shemeji. Nenda kale nyumbani. Sisi tulikuwa tunapoteza wakati tu."

Alinipa mlango mpana kabisa. Ningesema asante ningetoka mzima. Ila fundi baiskeli, kwa sauti yangu mimi, na hata kidevu kainua kama mimi, akasema: "Mwanaume akifungwa anatoa alichonacho, anatabasamu, anakwenda kwake."

Nikatabasamu. Nikafungua kikapu, nikakisukuma mbele yao.

"Kuleni."

Shemeji hakugusa. Fundi baiskeli alikula kwa viganja. Katibu alikula moja moja, anafumba macho, kama mtu anayepokea komunyo. Siku tatu za mke wangu ziliisha kabla hata kivuli cha kibanda hakijasogea. Yupo aliyelamba mpaka kikapu, na alikuwa anasimamia maendeleo ya wananchi.

Tulirudi Kibeta mimi na shemeji, yeye na kiroba chake, mimi na kikapu kitupu. Njia nzima alizungumzia nyavu zake tu. Ningeshukuru kama angenitukana.

Mke wangu alimpokea kaka yake, akapokea dagaa, akapokea kikapu. Akakipima kwa mkono.

"Umekula?"

"Nimekula! Tamu ajabu. Na chumvi umepatia, imekaa penyewe kabisa."

Shemeji akaanza kukohoa, akatoka kwenda kuangalia migomba.

"Chumvi," mke wangu akasema. "Ushirika hawajaleta chumvi wiki ya tatu hii. Sikutia."

Nikaenda chini ya godoro nikachomoa kitambaa. Nikakikunjua, maua mekundu yote yakaonekana. Alikishika, akakipitisha vidoleni mpaka kwenye pindo, na nikaona amekipenda. Halafu akakikunja vizuri, akakirudisha mikononi mwangu.

"Kaka!" akaita mlangoni. "Nani alikula?"

Huko migombani kikohozi kikakatika. Yule mtu hajui kusema uongo, ndiyo maana yuko kisiwani.

"Fundi baiskeli," akajibu. "Na katibu."

Mke wangu akakaa mkekani, akaanza kuchambua dagaa, kichwa huku, mwili kule. Alichambua kama kumi hivi kabla hajaniangalia.

"Sasa nieleze wewe mjuzi wa sheria," akasema. "Kesho nikienda Bilele, nimwambie nani aninunulie gauni? Nianze na mume wangu fundi baiskeli, au mume wangu katibu?"