Mluzi Chini ya Gari la Mkunga

Jina lake halisi walilijua mama yake na ofisi ya leseni. Gerejini kila mtu alimwita Kwanini, kwa sababu hakufungua nati bila kuuliza kwanza nani aliifunga. Kaka yake mkubwa, mwenye gereji, alikuwa kinyume chake: alitibu kwanza, ugonjwa ungejijua wenyewe.

Asubuhi hiyo lililokuwa juu ya jeki lilikuwa gari la shangazi yao, dada wa marehemu baba yao, mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa, na mafundi hao wawili wakiwemo. Taa ya injini ilikuwa imewaka kwenye dashibodi, njano kama kiini cha yai, na mashine ya kupimia ilikuwa imetoa hukumu: masega yamekufa. Masega ni lile kopo la katikati ya bomba la moshi, lenye vitundu kama sega la nyuki, linalousafisha moshi kabla haujatoka. Alasiri gari lilitakiwa kwenye ukaguzi. Likikataliwa, zahanati ingempa mtu mwingine kazi ya kuwazungukia wajawazito na wazazi majumbani, na shangazi angebaki nyumbani kugombana na kuku.

Kaka aliona jambo ni jepesi: wakate masega, waunge bomba tupu, wazibe taa. Alikwisha kupaka maji ya sabuni kwenye bomba likiwa bado la moto, yakakauka papo hapo kwa mvuke, naye akatangaza kwamba hakuna panapovuja. Kwanini akamwambia masega yakikatwa hayarudi, na wakaguzi siku hizi wanaupima moshi wenyewe.

"Basi uliza," kaka akasema, akiketi juu ya tairi na msumeno wa umeme mapajani. "Huyu alizaliwa akiuliza, au siyo, shangazi?"

"Alizaliwa akilia. Maswali yalikuja na meno," akajibu shangazi, aliyekuwa ameketi kwenye benchi akisubiri gari lake.

Kwanini hakuwasikia vizuri. Macho yake yalikuwa kwenye mashine. Bomba lina sensa mbili, yaani vihisi vya kupima moshi, moja mbele ya masega na moja nyuma. Kwenye kioo cha mashine, mstari wa sensa ya mbele hupanda na kushuka, ndiyo kazi yake. Wa nyuma, masega yakiwa mazima, hutulia. Huu wa nyuma haukutulia. Lakini kilichomkuna akili ni kwamba haukumwiga mwenzake, kama ambavyo ungefanya masega yakichoka. Ulianguka tu, mara kwa mara, kama mtu anayepuliziwa hewa usoni. Hewa hiyo ilitoka wapi?

Akaanza kuuliza. Gari linakunywa oili? Halinywi. Linachoka mlimani? Halichoki. Linatoa sauti yoyote? Shangazi akakiri kwamba asubuhi linapiga mluzi kidogo. Na nani aliligusa bomba hili karibuni?

"Hakuna," shangazi akajibu upesi, akirekebisha kilemba kilichokuwa kimekaa vizuri.

Kwanini akasogea karibu, akashusha sauti ili kaka yake asisikie. "Shangazi, wazazi wakikuficha maumivu huwa unawaambia nini?"

"Mficha uchi hazai," akasema kwa mazoea. Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko alichokibana.

"Ni mkwe wangu," akanong'ona. "Tuligonga tuta, bomba likalegea. Akalala chini ya gari na shati lake jeupe, akalifunga upya. Gasketi ya kuziba kiungo ilikuwa imechanika, akakata nyingine kwenye boksi la viatu. Ningemwambia nini, mwanangu? Mtu ametambaa matopeni kwa ajili ya mama mkwe."

Maswali yote hayo yalikuwa yamechukua muda, na bomba lilikuwa limepoa. Kwanini akapaka sabuni upya, akawasha injini. Kwenye kiungo kilicho mbele kidogo ya sensa ya nyuma, mapovu yakachomoza kama mate ya mtoto anayeota meno. Akafungua boliti. Kipande cha boksi kilikuwa kimeungua na kuwa majivu upande wa ndani. Upande wa nje namba ya kiatu ilisomeka bado.

Kaka akainama kutazama, akauweka msumeno chini. "Arobaini na mbili," akasema. "Nani huyu amelivisha gari kiatu?"

Shangazi akarekebisha kilemba tena. Kwanini akatia gasketi ya chuma, akaizima ile taa kwa mashine, akaendesha gari, shangazi akiwa kando yake na mashine mapajani. Walizunguka mtaa hadi injini ikapata moto sawasawa. Mstari wa nyuma ulikuwa umelala kama maji ya mtungini.

Alasiri walipotoka kwenye ukaguzi, cheti kikiwa kimebandikwa kiooni, simu ya shangazi ikalia. Alikuwa mkwe, na sauti yake ilijaa gari zima. Je, limepita?

"Limepita, baba."

"Si nilikwambia, mama? Gasketi ile nimeikata kwa mkono wangu. Imara, ee?"

Shangazi akamtazama Kwanini. Kwanini alikuwa na swali, tena zuri, liko kwenye ncha ya ulimi. Akakaza macho barabarani, akalimeza.

"Imara, mwanangu," shangazi akasema. "Hata fundi hana la kuuliza."