Nyumba ya waja wazito Mkokotoni: tuliwangoja wageni wakate utepe, mdogo wangu hakuweza kungoja

Wakuu, amani iwe kwenu nyote.

Mimi humu ni msomaji kuliko mwandishi. Wanaonijua wananijua kwenye zile nyuzi za mafundi simu, nikigombana na watu wanaotia simu iliyorowa ndani ya mchele. Leo siandiki habari za simu. Haya yamenikuta mwenyewe, na siwezi kuyatia chumvi hata kidogo, maana hivi yalivyo yananishinda kuyameza. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Kwetu ni Tumbatu. Kwa mlio mbali, ni kisiwa kidogo kaskazini ya Unguja, unavuka kwa boti kutoka Mkokotoni. Mimi sasa nakaa Michenzani, kwenye yale maghorofa marefu, na kibanda changu cha ufundi kiko Jang'ombe.

Siku moja alikuja mteja, mwalimu mstaafu, nitamwita Bi Nasra. Laptop yake imekufa, ndani yake mna picha zote za klabu yao. Nikaifufua. Akafurahi mpaka akanialika kwenye mkutano wao Mji Mkongwe niwe mpiga picha wao, na baadaye nikawa mwanachama kamili.

Ni klabu ya huduma, zile za kujitolea zenye matawi dunia nzima. Jamani, siku ya kwanza nilicheka kimoyomoyo. Watu wazima, wafanyabiashara, madaktari, walimu, wanagongewa kengele kama skuli! Ukichelewa unatozwa faini mbele za watu, na wenyewe wanapiga makofi.

Lakini kazi wanafanya, wallahi. Visima wamechimba. Wazee wamepata miwani. Madaktari wa macho wameletwa kutoka nje, watu waliokuwa wakiongozwa kwa mkono wakarudi makwao peke yao. Tuna klabu rafiki Ulaya, wao wanachangisha kule, sisi tunasimamia project huku.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Nina mdogo wangu, Mize. (Bado naandika "nina". Mtanisamehe.)

Mize alipojifungua mtoto wake wa kwanza alitokwa na damu nyingi sana, tukamkosakosa. Nesi akamwambia wazi, mimba nyengine ikija usithubutu kuzalia kisiwani. Siku zikikaribia, vuka mapema, ukae karibu na hospitali.

Ukae wapi sasa? Hilo ndilo swali la wanawake wengi wa kwetu. Wengi hawana jamaa Mkokotoni. Na mwanamke mwenye tumbo kubwa kwenda kulala kwenye nyumba ya watu asiowajua, kwetu ni aibu kubwa, bora afe kwao.

Nikalisema hilo mkutanoni. Likapokelewa vizuri kuliko nilivyotarajia. Klabu ikaamua kujenga Mkokotoni nyumba ya kusubiria: mja mzito anakuja na mama yake au shangazi yake, wanapika wenyewe, wanalala, uchungu ukianza gari la kumpeleka hospitali lipo tayari. Wenzetu wa Ulaya wakakubali kuchangia.

Mize wakati huo alikuwa na mimba changa. Nikampigia simu nikamwambia, nyumba yako hiyo inajengwa. Akacheka, akasema, "Kaka, basi hakikisha jiko lina dirisha, mama moshi unamuumiza macho." Nililisimamia dirisha lile kama la nyumba yangu.

Nyumba ikamalizika. Ukumbi wenye kivuli, vyoo safi, vitanda vipya. Wanawake wa Tumbatu waliposikia, wakavuka kundi zima na chetezo na ubani. Mama yangu, Bi Kazija, alikuwemo. Mize pia, tumbo limeshaanza kuonekana. Wakafukiza kila chumba, wakasoma Yasini, wakaomba dua, wakanywa kahawa na halua pale ukumbini.

Nilipiga picha nyingi siku ile. Bi Nasra akazituma Ulaya jioni ile ile.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, wakuu. Kwetu sisi, nyumba ikishafukizwa na kusomewa dua imefunguliwa. Hakuna jengine linalongojewa, mwenye haja anaingia.

Kwa klabu, ile ilikuwa shughuli ya kina mama tu. Ufunguzi ni wageni waje, utepe ukatwe, kengele igongwe. Basi wanawake walipoondoka, mlango ukatiwa kufuli na funguo zikaenda mjini.

Msimwone Bi Nasra mtu mbaya. Ni mtu wa ustaarabu wa kizamani. Alituambia, "Kitu cha hadiya hakitumiwi mpaka aliyekitoa akione kipya. Wenzetu wametoa, waje waikute ina harufu ya rangi." Na sisi sote tumelelewa hivyo hivyo, seti ya vikombe vizuri inakaa kabatini ikingoja mgeni, wenyewe mnakunywea bati. Hakuna aliyeona ajabu.

Wageni wakaahirisha safari. Mmoja wao alivunjika mguu. Wakapanga tena, ikaahirishwa tena. Mimi nikajihesabia kuwa siku za Mize bado, na kwamba wakitaka kuvuka wataniambia nikaziombe funguo.

Kwenye group la WhatsApp sisi tulikuwa tunajadili rangi ya utepe. Kweli kabisa. Kijani au buluu. Halafu tukajadili ngoma gani iwapokee, na biriani au pilau. Daktari mmoja mwanachama akauliza, kwa nini tusiwaingize kina mama kwa sasa, wageni watakuja watakapokuja? Akajibiwa mashuka yatachafuka. Mwengine akatia kikaragosi cha kucheka, tukarudi kwenye biriani.

Mchana mmoja niko kibandani, simu ya mtu imefunguliwa mezani, mama akanipigia. Hakunisalimu. Alisema, "Mize yuko hospitali, njoo."

Nilivyofika huko sikumbuki. Nakumbuka mama amekaa chini ukutani, kanga yake imelowa mpaka magotini, nusu maji ya bahari na nusu damu.

Uchungu ulimshika Mize kisiwani asubuhi, kabla ya siku aliyotajiwa. Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mpaka mbali, boti zote zimekaa juu ya mchanga. Wakambeba na kitanda chake cha kamba, wanaume kwa zamu, wakitembea kwenye matope mpaka penye maji. Mtoto akazaliwa ndani ya boti. Damu ikaanza hapo na haikukatika tena.

Hospitali walifanya kila waliloliweza, sina neno nao. Mtoto wa kike akapona.

Mize akafariki kabla ya alasiri.

Nikamuuliza mama, na mpaka leo natamani nisingeuliza, "Mama, kwa nini hamukuvuka mapema? Si tulikubaliana?"

Akaniangalia kama hakuelewa swali. Akasema, "Tulikuja, mwanangu. Wiki hii hii tulikuja. Nshafunga mizigo yangu, unga, nazi, na kanga za mtoto. Tukakuta kufuli."

Mlinzi akawaambia funguo ziko mjini, wanangojewa wageni wakubwa. Wao wakasema, mbona dua ishasomwa? Akasema yeye hajui, kaambiwa hivyo. Wakakaa pale barazani na mizigo yao mpaka jua likaanza kushuka, wakidhani labda atatokea mtu.

Mama akataka kunipigia. Mize akamkataza. Alimwambia, "Mama, usimpigie. Kaka ni mdogo kwenye chama chao, tusimtie aibu kwa wakubwa zake." Wakapanda boti wakarudi.

Wakuu, ningekuwa na funguo au sina, ningepanda hata juu ya paa nikatoa bati. Yeye akanionea haya mimi. Mimi, kaka yake! Hilo linanikaba kuliko kifo chenyewe.

Wahenga wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulimngoja mgeni mpaka mwenyeji akafa.

Tulimzika Tumbatu. Bi Nasra alikuja msibani, mara yake ya kwanza kuvuka, amevua viatu, buibui limejaa tope. Alipomwona mama akapiga magoti akalia kwa sauti. Mama ndiye aliyembembeleza. Nilikasirika. Nilitaka mama amwambie neno moja kali tu, lakini mama akamshika mkono mpaka akanyamaza, akamtilia kahawa.

Haikupita muda mrefu wageni wakafika.

Sikutaka kwenda. Nikaenda kwa sababu Bi Nasra aliniomba niwepo. Utepe haukuwekwa, ngoma haikupigwa. Miongoni mwa wageni alikuwemo bibi mmoja mkunga mstaafu, anatembea kwa gongo. Alizunguka vyumba, akagusa vitanda, nylon bado ziko juu ya magodoro. Akauliza, daktari wetu akawa anatafsiri, "Mbona vitanda havijalaliwa? Kina mama wako wapi?"

Bi Nasra mwenyewe akasimama, akasema yote, hakuficha kitu. Kwamba tulikuwa tunawangoja wao.

Yule bibi akakaa kitandani. Akasema, "Lakini hatukukwambieni mutungoje. Mulipotuletea zile picha za kina mama wanasoma dua, sisi tulijua mumeshafungua. Tulisherehekea huko kwetu siku ile."

Mama zetu walijua imefunguliwa. Wazungu walijua imefunguliwa. Waliokuwa hawajui ni sisi wenye funguo.

Nylon zilichanwa siku ile ile. Jioni akalala mwanamke wa kwanza, na mama mkwe wake.

Baadaye klabu ikataka nyumba iitwe jina la Mize, liandikwe juu ya mlango kwa jiwe la marumaru. Mimi nililipenda wazo lile. Bi Nasra akavuka tena kwenda kumwomba mama ruhusa. Mama akasema, "Nnakushukuru sana, bibi. Lakini jina la mwanangu musilitie pale. Wanaoingia mule ni waja wazito, wana khofu zao tayari. Watauliza, Mize ni nani? Mutawambia nini? Muombeeni dua, inatosha."

Basi juu ya mlango hapana jina.

Nyumba sasa haipungui watu, alhamdulillahi. Wanawake wanatoka mule na watoto wao. Nikienda kwetu, mimi huzunguka njia ya nyuma, sipiti mbele yake. Najua ni jambo la kufurahia na siwezi. Mtoto wa Mize ameanza kusema. Anamwita mama yangu "mama", na hakuna anayemsahihisha.

Nilichojifunza hakina hekima kubwa. Kama uko kwenye klabu, jumuiya, msikiti, kanisa, kamati ya mtaa, popote penye kitu kilichokamilika kinachongoja sherehe, kifungue leo. Mgeni mwenye akili atafurahi kukikuta kimechakaa kwa kutumika.

Waliopitia mfano wa haya semeni hapa, nami nitasoma kila mnachoandika, hata kama sitajibu. Mnaotaka kunitukana kwa kubaki kwenye klabu ile, ruksa pia.

Ila naomba kitu kimoja. Msiniandikie kwamba ni kudra ya Mungu. Kudra naiamini, na mama yangu anaiamini kunishinda. Lakini kufuli tulilinunua sisi, dukani Darajani, na tulichagua lile gumu.