Kiti cha Mwenye Nyumba

Kuna wakati niliamini, na ningeapa mbele ya askofu, kwamba kila nyumba ya bei rahisi kando ya Ziwa Edward ni mali ya mamba muntu, yule mwanamke wa majini. Aliyenieleza ni Mama Kavira, Mkongo wa Butembo anayeuza vitenge pale Bwera. "Bei inakuwa chini sababu yeye hapendi feza," aliniambia. "Anabakisha mutu moja wa kwenu. Ule ndiyo malipo." Nami, mhitimu wa shule ya usiku, mwenye cheti kinachoning'inia ukutani, nikameza yote bila maji. Lakini haya ninayokuandikia sasa sikuambiwa na mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, saa nane mchana, jua likiwaka kiasi cha kukaanga yai juu ya kofia. Kwani ulidhani mambo ya namna hii hungoja usiku?

Ilikuwa 2015. Mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa na kijana wa Kampala, na kijana akataka harusi ya biichi, kwenye mchanga wa ziwa, kama alivyoona kwenye simu. Akatafuta hoteli moja ya kutulaza wote pamoja. Mama akakataa. Kwetu sisi Bakonzo, mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwewe.

"Munitafutie paa yangu," alisema, "ama nabaki Nyakiyumbu na mbuzi zangu. Mutaniletea picha."

Picha! Ya harusi ya binti yake wa pekee! Na hoteli nyingine za huko zilitaka bei ya ng'ombe kwa chumba. Kikao cha familia kikanichagua mimi. "Profesa wa Taa aende," alinitania shangazi Biira, dada ya baba. "Si amesoma gizani? Ataona ile sisi hatuoni." Kifua kilinipanda mpaka vifungo vya shati vikaomba msaada.

Nikapanda boda mpaka ziwani. Nilibisha milango thelathini, ama tuseme mia. Mwishowe, upande ambao wavuvi walihama kwa sababu ya viboko, nikaona nyumba ya matofali, vyumba vinne, mlango wazi. Ndani alisimama msichana, nguo zake zikidondosha maji. Nyayo zake kwenye saruji hazikukauka, na jua lile lote! Niamini.

"Karibu, mwanangu."

Mwanangu! Mimi niliyemzidi miaka kumi! Nikamwuliza jina. "Masika." Halikunisaidia, maana ukiita Masika sokoni Bwera, nusu ya soko inageuka. Nikaanza kumweleza shida ya mama, na kabla sijamaliza akanipa ufunguo.

"Mulale hata siku tatu. Feza sitaki." Kisha akainamisha kichwa. "Biira atakuja? Bado anaogopa maji?"

Nilikuwa sijataja jina la mtu yeyote wa kwetu. Kumbe amekwisha kumchagua shangazi! Shangazi Biira, ambaye hata mvua ya rasharasha humfanya asali rozari nzima. Miguu yangu ilitaka kurudi Bwera bila boda. Lakini akilini nikamwona mama, na mbuzi wake, akingoja picha. Wewe ungefanya nini? Mimi nilisema hivi, na mstari huu naomba uusome mara mbili: "Kama ni mutu unataka, kamata mimi. Shangazi umuache."

Alicheka mpaka maji yakaruka kutoka kwenye nywele zake. "Wewe nitakufanya nini, na mikono laini hivyo? Lete kitenge mupya, sahani ya nyama, na kiti nyuma ya bibi harusi. Kile shangazi anapewa. Ndiyo kodi yangu."

Akatoka kwa mlango wa nyuma, kuelekea ziwani. Sikumwona tena.

Siku ya harusi mama alitoka chini ya paa lake mwenyewe, amenyooka kama malkia. Ndugu thelathini na mmoja, na hakuna aliyelala kwenye lori lililotuleta! Wakwe wa Kampala walipouliza nani alipanga malazi yale, nilikohoa mpaka wote wakageuka. Nyuma ya bibi harusi niliweka kiti kitupu, kitenge kipya kimekunjwa juu yake, sahani pembeni. Baada ya viapo nikaenda kukiondoa. Kitenge kilikuwa kimelowa chapachapa, kinanuka ziwa. Mvua haikunyesha. Habari za sahani sisemi, watoto wa harusi unawajua.

Hadi leo hakuna aliyekuja kudai kodi ya nyumba ile. Na hadi leo hakuna harusi ya kwetu isiyo na kiti hicho. Anayekiweka ni mimi, kwa mikono yangu miwili. Wewe unayetafutia familia malazi ya bei nafuu, usiulize bei tu. Uliza jina la mwenye nyumba, kisha rudi kwenu ukahesabu ndugu zako vizuri. Mimi sikuhesabu.

Siku ile ile ya harusi, shangazi Biira alinikuta nakamua kile kitenge. Nikamwambia yote: mamba muntu, Masika, na jinsi nilivyookoa roho yake. Nilingoja anishukuru. Akaketi kwenye mchanga.

"Profesa, kwetu mutoto musichana wa kwanza anaitwa nani?"

"Masika."

"Na wa pili?"

"Biira."

"Na mimi naitwa nani?"

Nikaacha kukamua, nikaanza kuhesabu.

"Tulikuja hapa kununua samaki, mimi na dada yangu. Mutumbwi ikapinduka. Yeye alinisukuma juu yake, mimi nikashika. Yeye hakupatikana. Babu yako akakataza jina lake nyumbani." Akachukua kitenge kile kibichi, akajifunga juu ya gauni lake la harusini. "Mamba muntu hana nyumba, mutoto wa kaka. Ule ni shangazi yako mukubwa."