Swali Nililomuuliza Neema Kabla ya Chanjo

Siku yangu ya kwanza nikiwa nesi katika kliniki ya wasafiri, Ilford, mashariki mwa London, sikuruhusiwa kushika sindano. Sista Mkuu, Mjamaika mwenye sauti ya chini, alinisimamisha mbele ya jokofu la chanjo akanionyesha kipimajoto chake. "Chanjo ikiganda au ikipata joto, unamdunga mtu maji," alisema. Mchana akanikalisha kwenye meza ya maswali, nikakaa hapo wiki nzima. Unakwenda wapi? Utalala hotelini au kwa ndugu? Unatumia dawa gani? Aliniambia, "Swali gumu muulize mwenyewe, akiwa peke yake."

Baada ya miaka sita nilihamishiwa kliniki ya Walthamstow, London hiyo hiyo. Huko ndiko walikokuja Mama Neema, Mkongomani aliyekuwa akitunza wazee, na bintiye wa miaka ishirini na mbili aliyezaliwa hapa hapa. Bibi yake Neema alikuwa mgonjwa Bukavu. Tiketi zilikwisha kukatwa, safari ni baada ya wiki tatu. Neema hakuwahi kukanyaga Kongo.

"Mutoto yangu anasikia Kiswahili yote, lakini anajibu Kingereza tu," mama alinieleza.

Niliwaambia kwamba kuingia Kongo kunataka kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na kwamba cheti huanza kufanya kazi siku kumi baada ya kuchanjwa. Wakati upo, nikasema. Nilipofika kwenye swali la ujauzito, mama akadakia.

"Hapana! Huyu anasoma."

Neema akatazama viatu vyake.

"Mama, naomba utusubiri nje kidogo."

"Dada, mimi niko mama yake. Siri gani?"

"Ndivyo tunavyofanya kwa kila mtu, mama yangu."

Alitoka amenuna. Neema akanena kwa Kiswahili cha kuokoteza: "Miezi tatu. Mama atakufa na aibu. Nichome tu."

Nilimweleza kwamba ndani ya chanjo ile mna virusi hai vilivyodhoofishwa, na mjamzito hapewi mpaka daktari apime hatari zote. Tena malaria ya kule ingeweza kumuua yeye na mtoto.

"Utamwambia?"

"Sitamwambia. Lakini sitakudunga."

Mama aliporudi, nilimwambia kwamba Neema hachanjwi leo. Alinigeukia kama moto. "Sisi ni watu wa lugha moja, na unamnyima mutoto yangu sindano? Bibi yake afe hajamuona?" Daktari wa kliniki akafungua mlango kusikiliza. Nilikuwa na neno moja la kujitetea, nalo halikuwa langu.

"Mum, usimgombeze," Neema akasema. "Niko na mimba."

Mama akakaa. Akamtazama bintiye muda mrefu, kisha akachukua koti lake mwenyewe akamfunika nalo mabegani, ingawa chumba kilikuwa na joto. Halafu akanipa mkono wake wa kushoto.

"Mimi, unichome. Nitaenda peke yangu." Machozi yalimtoka, lakini mkono hakuutikisa.

Mama Neema alimkuta mama yake hai. Neema alijifungua salama, na bibi alimwona kitukuu wake kwenye simu kabla hajafariki.

Nimestaafu sasa. Majuzi nilikwenda kliniki nikiwa msafiri wa kwenda kwetu Tanga. Nesi kijana alipotaja vidonge vya kuzuia malaria, nilicheka. "Mwanangu, mimi mtu wa Tanga, malaria naijua."

"Bibi, una miaka mingapi hapa London?"

Nilihesabu kwa vidole, vikaisha, nikaanza tena. Kinga niliyokuja nayo mwili ulikwisha kuisahau. Nilivipokea vidonge, nikamwomba anifundishe namna ya kuvimeza, kama mtu anayekwenda nchi ya ugenini.