Ua la Ekeno na Uongo wa Lowoi

Miaka tisa Lowoi alikula ugali yake kwa amani, na mimi natemewa mate sokoni Isiolo, ati bibi ya jangili. Hiyo sijasamehe.

Bwana yangu Ekeno alikuwa askari wa mbuga. Mtu mrefu, mpole, hajui kugombana. Mwaka sabini na sita akaja mzungu wa kutafuta mimea, akapewa Ekeno na askari mwenzake Lowoi wamtembeze. Ekeno akapenda hiyo kazi kuliko bunduki. Analeta maua nyumbani ndani ya magazeti, anaweka mawe juu ikauke bapa, kila asubuhi anabadilisha gazeti. Namcheka: "Wewe ni mwanaume ama bibi arusi?"

"Nakaale, iko moja nyeupe, inafunguka siku moja tu baada ya mvua. Ukilala, umeikosa."

Mwezi wa kumi na moja majangili wakaua kifaru, na wakubwa wakasema kuna askari aliwasaidia. Lowoi akaambia wakubwa: "Hiyo siku nilikuwa na mzungu, sisi wawili tu. Ekeno hakuja kazi." Mzungu alikuwa ameshapanda ndege. Lowoi akapewa ukoplo, Ekeno akapewa jela miaka miwili. Hata mimi, Mungu anaona, nilienda kumuuliza huko ndani: "Kweli ulikuwa wapi?" Akasema, "Nilikuwa kwa ile maua." Nikaguna, nikaenda zangu. Alitoka na kifua mbaya, hakumaliza mwaka. Kwa mazishi walikuja watu wanne, na wawili walikuwa wachimba kaburi.

Sasa themanini na tano, ile njaa kubwa imeisha, mvua imerudi, msichana anabisha kwangu Burat. Hawo, mtoto wa Waborana wa mjini, anafanya kazi Nairobi pahali wanaweka mimea kavu.

"Mama, natafuta mzee Ekeno anionyeshe pahali hii ilichumwa."

"Mtafute makaburini."

Akashtuka, lakini akatoa karatasi. Picha ya ua kavu, maandishi chini. Akanisomea, anatoa Kizungu anaweka Kiswahili: "Tarehe tisa Novemba, sabini na sita. Imeonyeshwa na askari Ekeno. Alikuwepo pia askari Lowoi. Tulikaa hapo asubuhi mpaka jioni."

"Rudia tarehe."

Akarudia. Ilikuwa siku ya kifaru. Hiyo tarehe niliisikia kortini, siwezi kuikosea. Nikakaa chini kwa vumbi. Ua! Mtu amefungwa, amekufa, na ushahidi wake umelala Nairobi ndani ya kabati, hakuna aliyeuliza!

Nikampeleka Hawo kwa baraza ya chifu, akasoma mbele ya watu wote. Lowoi akasimama, tumbo mbele.

"Shemeji, hiyo ni mambo ya zamani."

"Ulikuwa naye ama hukuwa naye?"

"Nilikuwa naye."

"Sema na nguvu! Wa nyuma hawasikii."

"Nilikuwa na Ekeno siku nzima!"

Chifu akauliza: "Sasa Lowoi, kwa nini ulidanganya?"

Akaangalia viatu vyake. "Nafasi ya koplo ilikuwa moja."

Moja! Nilidhani alilishwa pesa na majangili, nilidhani alitishwa na bunduki. Kumbe ni kitambaa cha kushona kwa mkono wa shati.

Watu wakaanza kusema jina la Ekeno kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, wakimwita mzee. Chifu akaniambia nimpe Lowoi mkono yaishe.

Nikamwambia chifu ampe wake.