Mkubwa Apite Kwanza

Nangila hawezi kutulia. Hata kanisani mguu wake hucheza na mkono hutafuta filimbi. Kazi yake ni kuzuia magari madogo katikati ya Nakuru ili mabasi yatangulie, na kutwa nzima anapigiwa honi na kutukanwa. Wewe ungetulia?

Jana Prado nyeusi ilimsogelea mpaka bampa ikamgusa magoti. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Mathe, toka barabarani! Nimebeba mkubwa. Hujui mkubwa hupita kwanza?"

"Najua sana," Nangila akasema. Akageuka, akalipungia mkono basi la Njoro lililojaa watu hadi mlangoni. Likapita polepole.

"Mkubwa ndio huyo amepita," akamwambia. "Wewe ngoja."